Mwaka Tuliopanda Kabla ya Mvua

Ninyi mnaokaa kivulini mwezi wa nane, miguu mmenyoosha, mkisema mnasubiri mvua, mnanichekesha. Mvua haisubiriwi hivyo. Mtu wa bustani hufanya kazi kweli kweli mwisho wa kiangazi, mpaka mgongo umseme, ili mvua ya vuli ikidondoka akae mlangoni aitazame tu. Juzi nilipita kwenye bustani ya kikundi chenu. Nyanya za msimu uliopita bado zimesimama, zimekauka, zimejaa ukungu na wadudu, nanyi mnapita pembeni yake mkiangalia simu. Nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nakwenda kanisani. Sasa nimetoka kanisani, naweza kusema.

Zing'oeni. Msizifukie, zichomeni. Ukungu wa nyanya haufi kwa kufukiwa, unalala tu, na mvua ikija unaamka kabla yenu.

Nimefanya kazi ya bustani zaidi ya miaka thelathini, na nilianzia katika kituo cha tiba cha misheni, upande wa Tarime unaoteremkia ziwani. Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Kituo kilikuwa na wodi mbili, nyumba ya wazazi, kisima kimoja na bustani ya mboga. Wagonjwa wengine walitoka mbali, hata upande wa Mugumu, na ndugu zao hawakuweza kuja kila siku na chakula. Kwa hiyo mboga ya bustani ile haikuwa ya kuuza wala ya mapambo. Tusipovuna, mzazi aliyejifungua jana anakula ugali kwa chumvi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Chacha, Mkurya mfupi, mkali, aliyevaa koti zito la jeshi hata jua likiwa la utosini. Koti hilo alilipata vitani na alisema atazikwa nalo. Alipoambiwa kwamba msaidizi wake mpya ni mwanamke, tena Mjaluo, alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Huyu atachimba, au ataimba?"

Nikamjibu kwamba naweza vyote kwa pamoja. Hakucheka, lakini alinipa jembe lililokuwa na mpini mzuri, akabaki na lile bovu.

Mwaka wangu wa kwanza niliua vitunguu vyote. Nyumbani kwetu samadi ilitolewa zizini ikapelekwa shambani siku ileile, na mtama hauna maneno, unavumilia. Mimi nikachota samadi mbichi, bado inatoa mvuke asubuhi, nikaitandaza kwenye tuta la vitunguu kwa ukarimu kabisa. Siku ya tano majani yakawa ya njano, siku ya nane yakalala. Nilitegemea Mzee Chacha anifokee. Alinipa jembe tu, akaniambia nizike maiti zangu. Halafu akanipeleka kwenye lundo la samadi kuukuu nyuma ya jiko, akakunja mkono wa lile koti, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo huku akihesabu taratibu kwa Kikurya.

"Weka na wako," akasema. "Mkono ukiungua, mboga itaungua. Mkono ukipoa, mboga itashiba."

Hicho ndicho kipimo. Sijapata kingine kilicho bora zaidi. Lundo linaanzwa mwezi wa sita, linageuzwa kila baada ya wiki mbili, linamwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na mwisho wa mwezi wa nane unaingiza mkono. Mkiona kinyaa, vaeni mfuko. Lakini ingizeni.

Msidhani alijua kila kitu. Aliamini kwamba ukipiga mluzi bustanini panya wanakuja, na alinikataza kabisa. Mimi nilipiga mluzi siku alizokwenda mnadani, na panya walikuja siku alizokuwepo.

Mbegu za nyanya pia alinifundisha yeye. Unachagua nyanya nzuri ya mwisho, ile ambayo mkono unatamani kuila, unaikamulia kwenye kibuyu pamoja na maji yake, unaiacha siku tatu mpaka ifanye povu. Povu lile linaondoa utelezi ulioishika mbegu. Kisha unaosha, unaanika kwenye jani kavu kivulini. Mwaka mmoja mwanamume aliyekuja kumuuguza kaka yake alikiona kibuyu kile nyuma ya ghala, kinachemka chenyewe vizuri, akaona amepata bahati. Alikunywa karibu nusu. Alipokuja kwetu alikuwa anajifuta midomo, akauliza kwa heshima zote mbona pombe ya misheni ina mbegu. Mzee Chacha alimwambia asihangaike, kesho asubuhi aende akajisaidie karibu na tuta.

Na uzio. Huku kwetu, mavuno yakishatoka, shamba ni la ng'ombe wote. Hakuna anayemuuliza mchungaji kwa nini ng'ombe wake anakula mabua yako, ndiyo desturi. Kwa hiyo ukiwa na kitu cha kijani mwezi wa nane, ni wewe uliyejitafutia. Ng'ombe akiingia, hata mzee wa baraza atakuuliza ulitegemea nini. Mzee Chacha alizungushia bustani miti ya manyara, na kila mwisho wa kiangazi tulikata matawi na kuziba mapengo, nyuso tumezigeuza pembeni kwa sababu utomvu wa manyara ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Mkikata uzio, kateni upepo ukiwa mgongoni.

Sasa niwaambie habari ya kitalu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi nilikuwa mke wa pili. Mume wangu aliitwa Ouko, na mke wake wa kwanza alikuwa Mama Akelo. Kwa Kijaluo mke wa kwanza anaitwa mikayi, naye ndiye mwenye boma kuliko hata mume, ingawa mume huwa haambiwi. Mama Akelo alikuwa mrefu, mkimya, na watoto wake watano walikuwa wamekua. Tulisalimiana, tuliazimana chumvi, hatukugombana hata mara moja. Lakini hatukuwa tunacheka pamoja.

Nilikuwa nimezaa watoto wawili, na wote wawili wamekufa kabla ya kuota jino. Walipokufa, kila mara Mama Akelo alikuja akakaa nyumbani kwangu siku nne bila kusema neno. Akateka maji, akafagia, akanyamaza. Nikaona kimya kile ni cha mtu anayefurahi rohoni. Ujana una ujinga wake, na huo ulikuwa wangu.

Katika boma la Mjaluo mbegu ina foleni. Msimu ukifika, mikayi hupanda kwanza, yeye na mumewe, ndipo nyumba ya pili ipande, kisha ya tatu. Ukimruka mikayi unaleta chira. Chira ni ugonjwa usiojulikana dawa, mtu anakonda tu, anaisha, na mara nyingi haumshiki aliyekosea. Unamshika mtoto wake. Watu walishaninong'onea kuhusu wale wangu wawili, wakitafuta ni wapi niliruka.

Mwaka ninaousema nilikuwa na mimba ya tatu, miezi minne ikielekea mitano. Mkuu wa nyumba ya wazazi alikuwa Nesi Dorika, Mjita kutoka upande wa Majita, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alinipima, akanitazama macho, akabana kucha zangu, akasema nilikuwa na upungufu wa damu hata kabla ya wale wa kwanza na hakuna aliyeniambia.

"Huyu anaweza kupona," akasema. "Lakini nataka nikuone kila siku mpaka ujifungue. Kila siku. Usipokuja kazini nitakufuata huko kwenu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia mtoto wangu anaweza kupona. Nililia njia nzima.

Vuli ya mwaka uliotangulia tulikuwa tumepanda kama watu wote wanavyopanda, mvua ilipofika. Mbegu za kabichi ni ndogo, mvua ya kwanza ilikuwa ya mawe, ikazisomba, tukapanda tena, na kabichi ya kwanza ikapatikana wakati vuli inakwisha. Wazazi walikula ugali kwa dagaa walipopatikana, kwa chumvi walipokosekana. Nesi Dorika hakusahau. Mwisho wa mwezi wa nane akaja bustanini na kopo la mbegu lililonunuliwa duka la Mhindi kule mjini Tarime.

"Mwaka huu hatungoji mvua," akasema. "Bwana shamba amenieleza. Tunatengeneza kitalu sasa hivi, tunakiwekea kivuli, tunakimwagilia maji ya kisima. Mvua ikija, miche iko tayari, tunahamisha tu. Anyango, wewe utapanda. Jumatatu nataka iwe ardhini."

Leo kila mtu anajua kitalu. Siku ile niliukaza mkono kwenye ule mpini wa jembe, maana kupanda kabla ya mvua ni kupanda kabla ya mikayi. Hakuna mwanamke katika boma letu aliyewahi kutupa mbegu kwenye vumbi la mwezi wa nane. Mama Akelo angepanda mvua ikija, mwezi mzima baadaye.

Nesi alipoondoka nikamwambia Mzee Chacha. Alinisikiliza huku akichonga kigingi.

"Mbegu ya kabichi haina ukoo," akasema. "Mtama una ukoo. Ulezi una ukoo. Hii imezaliwa kwenye kopo."

"Basi panda wewe, mzee wangu."

Akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vinatetemeka tangu mwaka uliopita. Mbegu alizotia yeye zilikuwa zimeota kwa mafungu kama mtu aliyelisha kuku, na Nesi alikuwa ameziona. "Atajua ni mkono wangu. Atakuuliza kwa nini. Utamwambia nini?"

Nisingeweza kumwambia. Siku aliponiandika kazi, Nesi Dorika alinionya kwamba mambo ya chira yanabaki nje ya lango, na mfanyakazi atakayeyaleta ndani atayafuata huko nje.

Jioni nikamwuliza mume wangu, kwa kuzunguka, kama kabichi nayo ni mbegu. Ouko alikuwa anatengeneza kiti. Hakuinua kichwa.

"Mbegu ni mbegu. Ngoja mvua. Mama Akelo akipanda, nawe utapanda."

Basi nikakaa na mambo yangu mawili. Nikikataa kupanda, nafukuzwa, na kumpoteza mtu pekee aliyesema mwanangu atapona. Nikipanda, naleta kile kitu kinachoua watoto. Kote kuwili alikuwa mtoto yuleyule. Sikufikiria hata kidogo kumwendea Mama Akelo. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba atanicheka, au atakataa, na akikataa itakuwa nimeambiwa kwa mdomo.

Nikaamua nitapanda, kwa siri, na nitasali sana.

Mbegu ndogo za kabichi huwezi kuzitupa hivihivi. Unazichanganya na majivu, ili zisirundikane mkononi, na sisimizi wasizibebe. Lakini yawe majivu meupe, laini, ya kuni ngumu. Majivu ya jiko langu yalikuwa ya mabua na kinyesi cha ng'ombe, mazito, yenye madonge. Mama Akelo ndiye aliyekuwa na watoto wakubwa wa kumletea magogo. Kwa hiyo Jumamosi jioni nikachukua kopo, nikaenda jikoni kwake.

"Naomba majivu kidogo, mikayi."

"Ya nini?"

"Ya kusugulia sufuria."

Alinitazama. Halafu akainama, akayachekecha kwa ungo, mara mbili, akanijazia kopo mpaka juu. Nikashukuru nikatoka upesi.

Jumatatu nikapanda. Kitalu chenyewe tulikuwa tumekitengeneza vizuri, na mngekiona mngejifunza. Tulichimba tuta la upana wa mtu kufikia katikati bila kukanyaga. Juu yake tukarundika majani makavu na vijiti, tukavichoma, moto ukaua mbegu za magugu na wadudu wa juu. Udongo ulipopoa tukachanganya na samadi iliyopoa mkononi, tukasawazisha kwa ubao. Nikachora mistari kwa kidole, kina cha ukucha, nafasi ya kiganja. Nikatia mbegu na majivu, nikafunika kwa udongo uliochekechwa, nikaweka nyasi juu, nikamwagia maji kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Mzee Chacha akasimamisha nguzo nne na kichanja cha nyasi juu yake, upande wa magharibi kimeteremka zaidi kwa sababu jua la mchana ndilo baya. Kila kitu kilikwenda sawasawa. Mikono yangu ilikuwa inapanda na mdomo wangu unaomba msamaha.

Siku ya sita zikaota. Zote. Sijawahi kuona kitalu kimeota namna ile, mistari imenyooka, hakuna pengo hata la kidole. Nesi Dorika aliita wauguzi waje waone. Mimi nilisimama nyuma yao. Kwa nini zisingeota nusu tu, nikajiuliza, nipate kuamini kwamba adhabu imeishia kwenye kabichi.

Kwa wiki tatu sikulala vizuri wala sikula vizuri. Asubuhi nilimwagilia, saa nne nikateremsha kivuli, saa kumi nikakipandisha kidogo ili miche izoee jua. Hiyo nayo mwishike: mche uliolelewa kivulini ukipelekwa juani ghafla unakufa siku moja. Kila siku unaupunguzia kivuli kidogo, na wiki ya mwisho unapunguza na maji, uonje shida kabla ya shida. Mikono ilifanya hayo yote yenyewe. Kichwa kilikuwa tumboni. Kila nilipopita mbele ya jiko la Mama Akelo niliinamisha uso. Yeye alinisalimu kama siku zote.

Kisha siku moja mtoto akaacha kucheza. Alikuwa ameanza kucheza wiki hizohizo, vipigo vidogo upande wa kulia. Siku nzima sikumsikia, na asubuhi iliyofuata hakuna. Sikwenda kwa Nesi. Najua mtanishangaa, lakini mimi nilikuwa najua kilichompata na najua nani mwenye dawa yake. Nilikwenda jikoni kwa Mama Akelo nikapiga magoti mlangoni. Alikuwa anachambua mtama.

"Mikayi, nimekuruka," nikasema. "Nimepanda. Majivu yale hayakuwa ya sufuria. Nimepanda kabichi kule kituoni, wiki ya tatu sasa, na mtoto hachezi. Nifanyie unavyojua. Uniombee, unifukuze, lakini mtoto hana kosa."

Aliweka ungo chini. Hakuonekana kushangaa, wala kukasirika.

"Inuka," akasema. "Njoo huku."

Akanipeleka nyuma ya jiko, pale alipomwagia maji ya kuoshea vyombo. Kulikuwa na uzio mdogo wa miiba, wa kumzuia kuku, nami nilikuwa nimeuona kwa mbali nikadhani ni wa vifaranga. Akausogeza. Ndani kulikuwa na kunde, mstari mmoja mfupi, mbichi kabisa katikati ya kiangazi kile, udongo umelowa.

Mimi ni mtu wa bustani. Mche ukiniwekea mbele naweza kukuambia umri wake kama mchungaji anavyotazama meno ya ndama. Kunde zile zilikuwa na wiki tatu.

"Kwa nini jiko lako liombe majivu kwa jiko langu ili lisugue sufuria?" akasema Mama Akelo. "Majivu ya kwako yanasugua vizuri zaidi, yana mchanga. Nilijua ni mbegu. Usiku uleule nikamwambia mume wetu, Baba Akelo, kesho jogoo akiwika tunapanda. Akasema mimi ni mwendawazimu, hakuna hata wingu. Nikamwambia sikuulizi habari ya wingu. Jumapili kabla ya kanisa tumepanda, yeye na mimi. Wewe ulipanda lini?"

"Jumatatu," nikasema.

"Basi."

Nilikaa chini palepale kwenye tope la maji ya vyombo. Nililia, halafu nikaanza kucheka, halafu sikujua ni kipi ninachofanya. Wiki tatu nilikuwa nimebeba gogo kichwani na mtu alikuwa amelitua siku ya kwanza. Mama Akelo hakunishika wala kunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alichukua kata akamwagia kunde zake maji.

"Sasa nenda kwa huyo Nesi wako," akasema, "maana mtoto asipocheza si kila mara ni habari ya mbegu."

Nesi Dorika aliweka sikio lake kwenye lile bomba la mbao la kusikilizia mtoto tumboni, akasikiliza muda mrefu, akasema moyo unapiga, ila mimi sili, na mtoto asiyelishwa hachezi. Akanifokea mpaka wagonjwa wakaamka. Nikakaa pale nikala uji na mayai mawili huku ananisimamia. Jioni, nikiwa natoa maji kisimani, mtoto akanipiga teke upande wa kulia. Niliweka ndoo chini nikangoja la pili, likaja.

Mvua ya vuli ilifika wiki mbili baadaye, kwa upole, mvua ya kushiba. Tulihamisha miche jioni, wakati jua limelegea, kila mmoja na donge lake la udongo kwenye mizizi, tukaibana kwa vidole. Haikufa hata ishirini. Mzee Chacha alitembea kati ya matuta na koti lake limelowa, akasema kabichi hizi sasa zina ukoo. Mwezi wa kumi na mbili wazazi walikuwa wanalalamika kwamba wamechoka kabichi, na hakuna malalamiko niliyowahi kuyafurahia kama yale.

Tangu mwaka ule, kila mwisho wa mwezi wa nane, Mama Akelo alipanda kunde zake nyuma ya jiko kabla sijagusa kopo la mbegu. Hatukupanga. Niliziona zimewekewa miiba, ndipo nikaenda kazini kuchora mistari. Bwana shamba alipokuja kutukagua alitusifu kwa kufuata tarehe.

Msiniulize kama naamini chira. Nimeulizwa na mapadri, nimeulizwa na wajukuu wenye digrii. Niulizeni habari ya kabichi, hiyo naijua. Ninachojua kuhusu hili lingine ni kwamba nilikuwa na hofu yenye uzito kamili, na kuna mtu aliyeiona kutoka kwenye kopo la majivu.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kwanza, mchana, katika nyumba ya wazazi, Nesi Dorika akitoa amri na mimi nikitii. Msichana. Alilia kabla hajatoka vizuri. Mama Akelo alikuwa nje kwenye benchi tangu asubuhi, akaitwa, akaingia, akampokea, akamfunga kwenye kanga yake mwenyewe. Alimtazama vidole, akamtazama masikio. Mimi nilikuwa nimechoka sana lakini kulikuwa na jambo limenikaa kooni miezi minne.

"Mikayi," nikasema, "wiki tatu zile uliniona nilivyokonda. Mbona hukuniambia?"

Alimweka mtoto sawa begani.

"Ulisimama jikoni kwangu ukanidanganya usoni," akasema. "Nikasema, acha ahangaike kidogo." Akatazama pembeni, na mara ya kwanza tangu niolewe katika boma lile nikaona midomo yake inatetemeka. "Lakini nilikosea hesabu. Sikujua ungeacha kula."

Kisha akaniinamia, akanipa mtoto.